Majina Bila Wenyewe: Uhakiki wa Vitabu vya Marejeo kwa Watungaji wa Miungu ya Michezo ya Mezani

Utangulizi

Mwanafunzi anayetaka kuandika tamthilia anajua rafu ya kuanzia. Mwanafunzi anayetaka kubuni miungu kwa ajili ya mchezo wa mezani hana rafu. Hata hivyo, swali lake limekuwa likitufikia mara kwa mara: ni vitabu gani vya marejeo vinavyomfaa mtu anayetunga ulimwengu wa kubuni, wenye miungu yake, makuhani wake na miiko yake, ili wenzake waucheze? Jibu la haraka ni kumwelekeza kwenye kamusi yoyote ya visasili iliyopo maktabani. Katika makala haya tunakusudia kulihakiki jibu hilo. Tunaona kwamba linampa mtungaji majina mengi, na kumnyima kile hasa anachokihitaji.

Kwa manufaa ya wasomaji ambao hawajakutana na michezo hii, tuieleze kwa ufupi. Wachezaji huketi kuizunguka meza, kila mmoja akiwa na mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi. Mmoja wao huwa msimulizi. Huyo ndiye anayeeleza mandhari, anayewasemea wahusika wengine wote, na anayeamua matokeo kwa kufuata kanuni na kurusha dadu. Aghalabu hakuna mshindi. Kinachopatikana ni hadithi inayotungwa papo kwa papo na watu kadhaa. Mwalimu wa fasihi simulizi hatakosa kuuona ujirani wake na utambaji wa ngano: kuna fanani, kuna hadhira, na hadhira yenyewe inashiriki kutunga. Mchezo ulioitangulia mingine katika mkondo huu ni Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliochapishwa Marekani mwaka 1974.

Miungu huingia katika michezo hii kwa sababu ya kiutendaji kabisa. Mhusika akiwa kuhani, hana budi awe kuhani wa fulani. Kijiji kikiwa na mahali patakatifu, mchezaji atauliza nani anaabudiwa pale, kwa sadaka gani, na nini kitatokea sadaka ikikosekana. Msimulizi asiye na jibu hubabaika mbele ya wenzake. Hapo ndipo vitabu vya marejeo vinapohitajika.

Urithi wa jedwali

Kitabu kilichoweka desturi katika uwanja huu ni Deities & Demigods cha James Ward na Robert Kuntz, kilichotolewa mwaka 1980 kwa ajili ya wachezaji wa Dungeons & Dragons. Kilikusanya miungu ya Wagiriki, Wasumeri, Wababeli, Wahindi, Wachina, Wajapani, Wafini na wengineo, na hakikusita kuchanganya humo miungu ya riwaya za kubuni. Barani Afrika kilifika Misri kikaishia hapo. Miaka 34 baadaye, kitabu cha mchezaji cha toleo la tano la mchezo huohuo (2014) kiliorodhesha makundi manne ya miungu ya kihistoria: ya Waselti, Wagiriki, Wamisri na Wanorsi. Kusini mwa Sahara palibaki patupu.

Upungufu huo wa kijiografia umelalamikiwa sana, na kwa haki. Lakini sisi tunaona kwamba tatizo kubwa zaidi ni umbo la maelezo. Katika kitabu cha mwaka 1980 kila mungu alipewa alama za uhai na kiwango cha kinga, kama anavyopewa mnyama mkali wa kupigwa vita. Zeus alipewa alama 400. Katika kile cha mwaka 2014 kila mungu ana safu nne tu katika jedwali: jina, mwelekeo wake kati ya wema na uovu, eneo analolitawala, na alama yake. Mtungaji chipukizi anayejifunza kwa vitabu hivi anajifunza kwamba mungu ni kitu kinachoweza kuelezwa katika safu nne. Akishajifunza hivyo, kila kitabu cha marejeo anachokishika anakitafutia safu hizo nne na kuyaacha mengine.

Kamusi za visasili zinalisha jedwali hilo bila shida, kwa kuwa nazo zimeandikwa kwa mtindo uleule: fulani, mungu wa vita, fulani, mungu wa bahari, fulani, mungu wa mauti. Ni kama kuandika kwamba mjomba ni "ndugu wa kiume wa mama" ukadhani umeshaeleza nafasi ya mjomba katika harusi, katika urithi na katika ugomvi.

Zipo juhudi za kuliziba pengo la Afrika. Mashuhuri miongoni mwake ni Nyambe: African Adventures cha Christopher Dolunt (2002), kitabu kilichojaribu kwa dhati kujenga ulimwengu wa mchezo usioifanya Afrika kuwa pori la wageni kuwindia. Nia hiyo tunaiheshimu. Ila mwalimu wa lugha akikifungua anasimama mara moja kwenye istilahi. Nyambe ni jina la Mungu miongoni mwa Walozi wa Zambia. Miungu ya chini yake inaitwa orisha, neno la Wayoruba wa Nigeria. Kuhani anaitwa n'anga, ambaye kwa Washona wa Zimbabwe ni mganga. Na mtaalamu wa nguvu za ajabu aliyejifunza fani yake anaitwa kwa neno la Kiswahili: mchawi.

Tusimame kwenye neno hilo la mwisho, kwa sababu linatuhusu. Kwa msemaji yeyote wa Kiswahili, mchawi ni mtu anayedhuru kwa siri. Hajitangazi, hakubali kuitwa hivyo, na anayeitwa hivyo hadharani anaweza kupoteza nyumba au maisha. Anayejitangaza, anayelipwa na anayeponya ni mganga. Mpaka kati ya maneno haya mawili ndio unaoshikilia maana yote: mganga huitwa ili amkabili mchawi. Mchezaji anayejitambulisha mezani kwa furaha kwamba yeye ni mchawi amepewa neno lililotolewa katika kamusi ya lugha mbili na kuachwa bila jamii yake. Hatusemi kwamba mtunzi hana ruhusa ya kubuni. Tunasema kwamba hadithi nzima ilikuwa imelala katika tofauti ya maneno hayo mawili, na kitabu kikaipita.

Swali lililoulizwa kwa Kiacholi

Ubaya wa kuchukua jina bila kuuliza lilivyopatikana ulielezwa zamani hapahapa Uganda na Okot p'Bitek. Katika Religion of the Central Luo (1971), Okot anasimulia kisa cha mwaka 1911, pale wamisionari Wakatoliki wa Kiitalia walipowauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Kwa maelezo yake, lugha ya wazee hao haikuwa na neno lililojitenga la kuumba kwa maana ya kufanya kitu kutokana na utupu. Swali likafikishwa kwao kwa kitenzi cha kufinyanga, kama afanyavyo mfinyanzi wa vyungu. Wazee wakashangaa, kwa maana watu huzaliwa, hawafinyangwi. Waliposhikiliwa wajibu, mmoja akakumbuka kwamba ipo nguvu inayowafinyanga baadhi ya watu kwa kuupinda uti wa mgongo wao, nayo huitwa Rubanga. Jina likaandikwa. Hadi leo Rubanga, au Lubanga, ndilo jina la Mungu katika Kiacholi cha kanisani.

Mwanaisimu anayekisoma kisa hiki asiharakishe kuwacheka wahusika wake. Kitenzi chetu cha kuumba kina asili hiyohiyo ya udongo. Kwa Kiganda, ndugu wa karibu wa Kiswahili katika familia ya Kibantu, okubumba ni kufinyanga na omubumbi ni mfinyanzi, ilhali kuumba kwa maana ya kidini ni okutonda, ambako Katonda hutoka. Kiswahili kilikipandisha kitenzi cha mfinyanzi hadi mbinguni na kupata Muumba. Kiganda kilikiacha kwenye chungu. Maana yake ni kwamba swali la wamisionari lingeulizwa kwa lugha nyingine ya jirani, jibu lingekuwa jingine, na vitabu vingeandikwa vingine.

Katika African Religions in Western Scholarship, kilichotoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, Okot aliipanua hoja hii. Aliwashutumu wanazuoni, Waafrika wenyewe wakiwemo, kwa kuivika miungu ya Kiafrika mavazi ya Kigiriki ili ionekane ya heshima mbele ya wageni. Miongoni mwa aliowakosoa ni John Mbiti, aliyefundisha Makerere kati ya mwaka 1964 na 1974. Mabishano yao bado yana faida kwa mtungaji wa michezo. Concepts of God in Africa cha Mbiti (1970) kimekusanya taarifa kutoka zaidi ya jamii 200 na kuzipanga kwa sifa: Mungu ni muumba, Mungu anajua yote, Mungu ni mwema. Kwa mwanateolojia, mpangilio huo una mantiki yake. Kwa mtungaji wa ulimwengu, unampa sentensi moja kutoka hapa na nyingine kutoka kule, na hakuna mahali anapoweza kusimama na kuona kijiji kizima kikiabudu.

Kibuuka na Walumbe nje ya jedwali

Tuchukue mifano miwili ya Buganda ili tupime jambo hili. Katika orodha yoyote, Kibuuka ni mungu wa vita. Safu nne zinajaa kwa dakika moja. Sasa tukisikilize kisa chenyewe. Kibuuka, nduguye Mukasa wa visiwa vya Ssese, alipelekwa kumsaidia Kabaka Nakibinge dhidi ya Wanyoro. Alipigana kwa kuruka juu, akajificha ndani ya wingu na kuwamiminia adui mishale. Alikuwa ameonywa asijihusishe na wanawake wa upande wa adui. Akamchukua mateka mmoja, mwanamke yule akaijua siri yake, akatoroka na kuwaeleza watu wake. Wanyoro wakaelekeza mishale kwenye wingu. Kibuuka akajeruhiwa, akaangukia kwenye mti huko Mbaale, Mawokota, akafa. Ibada yake ilifanyika baada ya kifo hicho, na mahali palepale.

Humo mna vitu ambavyo jedwali halina safu yake. Mna mwiko, na gharama ya kuuvunja. Mna undugu na deni kati ya visiwa na bara. Mna mahali panapofikika kwa miguu. Mna mungu aliyekufa na bado anasaidia. Mna hata sarufi: okubuuka kwa Kiganda ni kuruka, hivyo jina lenyewe linasimulia alivyopigana. Msimulizi wa mchezo aliye na haya yote anaweza kuendesha vikao kumi. Aliye na maneno "mungu wa vita" atamwazima Ares wa Wagiriki na kumbadilisha jina.

Mfano wa pili ni Walumbe. Jedwali litamwita mungu wa mauti na kumweka upande wa uovu. Simulizi inayofahamika zaidi inasema kwamba Walumbe ni kaka yake Nambi, mke wa Kintu. Alimfuata dada yake duniani baada ya Nambi kurudi mbinguni kuchukua ulezi wa kuku wake. Alipofika, aliomba apewe mtoto mmoja wa kumsaidia kupika. Kintu akakataa. Watoto wakaanza kufa. Ombi lile halikuwa la ajabu: katika desturi ya zamani ya Kiganda mjomba alikuwa na haki ya kumdai mtoto miongoni mwa watoto wa dada yake, na baba alipaswa kumkomboa. Kwa hiyo mauti yaliingia duniani kwa njia ya mjomba aliyenyimwa haki yake. Hata Kayikuuzi, aliyetumwa kumkamata, alishindwa kwa sababu watu waliovunja agizo la kunyamaza walipiga kelele, na Walumbe akazama ardhini huko Ttanda. Mchezaji aliyepewa kisa hiki anaweza kuuliza swali zito mno: je, deni lile linaweza kulipwa? Mchezaji aliyepewa safu ya "uovu" atauliza tu jinsi ya kumpiga.

Vitabu vya namna nne

Kutokana na hoja hizi tunapendekeza kwamba mtungaji asikusanye vitabu arobaini vya namna moja. Achague vinne vya namna nne.

Cha kwanza ni kitabu kinene kuhusu jamii moja. Kwa Buganda kipo The Baganda cha John Roscoe (1911), na vipo vitabu vya Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda kuanzia 1889 hadi 1926, aliyeandika kwa Kiganda. Kimoja kati ya hivyo kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1934 kwa jina The Customs of the Baganda. Ubora wa vitabu vya aina hii ni kwamba vinaeleza nani alilinda hekalu, ukoo gani ulitoa kuhani, kilipelekwa nini na siku gani. Lakini visisomwe kwa kuaminiwa kila neno. Roscoe alikuwa mmisionari, na Kagwa alikuwa Mprotestanti aliyekuwa upande wa washindi katika vita vya kidini vya mwisho wa karne ya 19. Wote wawili waliandika kuhusu ibada ambayo hawakutaka iendelee. Masalia ya Kibuuka yenyewe yalichukuliwa na kupelekwa kwenye jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Cambridge, yakarudishwa Uganda mwaka 1962. Msomaji ajue kwamba maarifa haya yalikusanywa na mikono iliyobeba na vitu vingine.

Cha pili ni kitabu kinachowapinga waandishi wa vitabu vya kwanza. Kwetu ni Okot. Kazi yake ni kumfundisha mtungaji kuuliza: nani aliuliza, aliuliza kwa lugha gani, na aliyejibu alielewa nini? Mtungaji aliyekosa kitabu cha aina hii ataandika miungu inayofanana na Mungu wa somo la dini la shule ya msingi, kisha ataibadilisha rangi.

Cha tatu ni mfano mzuri kutoka ndani ya fani ya michezo yenyewe. Tunapendekeza Cults of Prax cha Steve Perrin na Greg Stafford (1979). Kilitoka mwaka mmoja kabla ya Deities & Demigods, na ulimwengu wake ni wa kubuni kabisa. Hata hivyo, kimeushinda kile kingine kwa mbali kwa sababu kilianza na waumini. Kila mungu anaelezwa kwa kisa chake, kwa nafasi ya dhehebu lake katika jamii, kwa masharti ya kujiunga, kwa wajibu wa anayejiunga na kwa uhusiano na madhehebu mengine. Kati ya maelezo hayo zimepachikwa safari za mfanyabiashara mmoja anayekutana na waumini hao njiani, hivyo msomaji anaiona imani kwa jicho la mtu anayetaka kuuza bidhaa na kufika salama. Kanuni za dadu zimo, na nyingi. Tofauti ni kwamba zimekuja baada ya jamii.

Cha nne ni kamusi ya lugha. Si kamusi ya visasili. Tunamaanisha kamusi ya kawaida, ile ambayo wanafunzi wetu wanayo na hawaifungui.

Kamusi ya lugha kama shamba la miungu

Tumeona Kibuuka anavyotokana na kuruka. Huyo hayuko peke yake. Kwa Kiganda musisi ni tetemeko la ardhi, na Musisi ni lubaale wa tetemeko. Musoke ni upinde wa mvua. Eggulu ni mbingu, na Ggulu ni mkazi wake. Kawumpuli ni tauni. Majina haya hayakuletwa kutoka mbali ili yatishe. Ni maneno ya kila siku yaliyopewa uso. Hapa pana somo la moja kwa moja kwa anayetunga kwa Kiswahili. Watungaji wengi hubuni majina kwa kurundika konsonanti na alama za ritifaa, wakidhani ugeni ndio utakatifu. Kiswahili kina uambishaji na unyambulishaji wa kutosha kufanya kazi hiyo kwa heshima.

Mathalani, mtungaji anaweza kuziendea pepo za pwani na miendo ya bahari. Kusi na Kaskazi hutawala kwa zamu, na mmoja akiingia mwingine huondoka; wana ugomvi ulio tayari. Matlai ni mdogo wao. Bamvua ni maji makuu, Maji Mafu ni yale yasiyopanda sana wala kushuka sana. Wanaweza kuwa mapacha ambao mmoja hudai kila kitu na mwenziwe hakubali kuombwa. Hatujamwibia mtu mungu wake hapa. Tumechukua msamiati wa wavuvi na manahodha na kuuliza: kama haya yangekuwa na nia, watu wangewaahidi nini? Kwa kuwa maneno ni ya kweli, mchezaji aliyezaliwa Mombasa au Zanzibar atayatambua, na aliyezaliwa Gulu au Mbarara atajifunza msamiati bila kuambiwa kwamba yumo darasani.

Papo hapo linajitokeza tatizo la istilahi ambalo tunawaachia walimu wa sarufi. Je, tuwaite miungu? Neno Mungu katika Kiswahili limekaa karne nyingi katika Uislamu na baadaye katika Ukristo, na wingi wake, miungu, umebeba harufu ya sanamu na upotovu. Upatanisho wake wenyewe unayumba: wako wanaosema miungu wengi na wako wanaosema miungu mingi, na uchaguzi huo unaamua kama tunasema juu ya nafsi au juu ya vitu. Mzimu unahusu wafu, pepo humpanda mtu, jini lina nasaba yake katika Uislamu. Ushauri wetu ni kwamba anayeandika kuhusu Buganda aandike lubaale na balubaale, anayeandika kuhusu Acholi aandike jok na jogi, na anayebuni ulimwengu mpya abuni pia jina la jumla la hao waabudiwa. Neno "mungu wa" likiingia mapema, safu nne zinarudi kwa mlango wa nyuma.

Pingamizi mbili

Wapo watakaosema kwamba huu ni mchezo tu, na kwamba kijana mwenye jioni moja ya kujiandaa hawezi kusoma Roscoe na Okot. Tunakubali kwamba muda ni mchache. Tunakubali pia kwamba jedwali lina faida yake mezani, pale msimulizi anapotakiwa kukumbuka jina haraka. Lakini jedwali ni kumbukumbu ya kazi iliyokwisha kufanyika. Mtu hawezi kuanza na muhtasari wa riwaya ambayo haijaandikwa. Aliye na jioni moja asome kisa kimoja kwa ukamilifu, abuni mwabudiwa mmoja mwenye mwiko, deni na mahali, na wengine wawasubiri. Wachezaji hawajawahi kulalamika kwamba kijiji kina hekalu moja.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi, na huletwa na wanafunzi wenyewe, Waislamu na Wakristo: je, ni halali kuchezea mambo haya? Hatuna mamlaka ya kujibu kwa niaba ya dini ya mtu. Tunaloweza kusema kama wahakiki ni kwamba kuna tofauti kati ya kubuni na kuazima. Anayebuni Kusi na Kaskazi hamgusi mtu. Anayemwazima Mukasa au Kibuuka anamgusa jirani, maana mahali pao pa ibada papo na wapo wanaopaendea. Kumpa jirani huyo alama 400 za uhai ili wachezaji wazipunguze kwa dadu ni utovu wa adabu, hata kama aliyefanya hivyo haamini chochote. Tunapendelea mtungaji aazime muundo (mwiko, undugu, deni, mahali) na kuyaacha majina kwa wenyewe, isipokuwa kama yuko tayari kuwasimulia kwa uaminifu, pamoja na watu wao.

Hitimisho

Kitabu cha marejeo kinapimwa kwa maswali kinayokuruhusu kuyauliza. Kamusi za visasili zinaruhusu swali moja: fulani ni mungu wa nini? Vitabu tulivyovipendekeza vinaruhusu mengine: nani alimwendea, alimpelekea nini, alikatazwa nini, jina lake lina maana gani katika lugha ya waliomwita, na nani aliyeliandika jina hilo akiwa na swali gani kichwani? Mwaka 1911 kitenzi kimoja kilichotafsiriwa vibaya kilitosha kuwapa Waacholi jina la Mungu ambalo bado liko vinywani mwao. Mwanafunzi wetu anayetunga mchezo kwa ajili ya marafiki watano hana uzito huo mabegani. Hata hivyo, anafanya kazi ya aina ileile: anachukua neno la mtu, analipeleka mahali pengine, na kulipa maisha mapya. Ni wajibu wetu kama walimu wa lugha kumfundisha kuuliza kabla ya kulibeba.

Tunawakaribisha wasomaji, hasa walimu wanaofundisha katika maeneo yenye lugha ambazo hatukuzigusa hapa, watuletee mifano ya majina ya aina hii pamoja na vitenzi vyake. Orodha ya namna hiyo, ikikusanywa kwa uangalifu, itawafaa watungaji wetu kuliko ensaiklopidia iliyoandikwa mbali nasi.